Mafiga ya Nyumba ya Kwanza

Siku ile ya Hali ya Hatari serikali ya kikoloni ilipowaamuru watu wa miinuko ya Embu wayaache mashamba yao na kurundikwa katika kijiji kimoja chini ya mnara wa homgadi, askari wenyeji wa serikali, kila mtu alibeba alichokipenda, au alichokiweza. Wengine walibeba vitanda. Wengine walibeba kuku miguu juu. Bibi mmoja aliubeba mlango wake kichwani, kana kwamba huko aendako ataitikia hodi mwenyewe. Celina, binti wa mzee Ngari, alibeba mawe matatu.

Yalikuwa mafiga ya marehemu mama yake, meusi kwa masizi ya miaka mingi. Aliyatia katika kiondo, akaipitisha kamba juu ya paji la uso kama wanawake wa kwao wabebavyo, akateremka shingo ikimtetemeka. Nyuma yake paa la nyumba yao lilikuwa linaanguka ndani ya moto.

"Wewe Celina," homgadi mmoja akamwuliza njiani, "huko chini hakuna mawe?"

"Yapo."

"Sasa hayo ya nini?"

"Ya huko hayanijui."

Vijana wakacheka. Watu wazima hawakucheka, kwa sababu walijua alichokibeba.

Katika ukoo wa Ngari mali haikuwa ya mume peke yake kama inavyodhaniwa siku hizi. Mume alikuwa na wake, kila mke alikuwa na nyumba, kila nyumba ilikuwa na mafiga yake, na mafiga yalikuwa na shamba lake. Watoto waliolishwa kutoka mafiga yale ndio waliolirithi shamba lile. Mwanaume akioa tena, hata kama mke wa kwanza ni marehemu, mke mpya hujengewa kwake na kuwekewa mafiga yake mapya. Akiingia akapika juu ya mafiga ya marehemu, basi ameivaa nyumba ya marehemu, na watoto wake huhesabiwa humo. Sheria hii haikuwa imeandikwa popote, na wakati ule hakuna aliyehitaji iandikwe. Leo mzee akioa, watoto hupanda gari kwenda kwa wakili, wakarudi na maneno ambayo hata wakili mwenyewe hayaelewi. Zamani ilitosha kuinama mlangoni, kuingia jikoni na kutazama.

Nyumba ya mama yake Celina ilikuwa na shamba la mteremko wa juu, udongo mwekundu usiochoka. Mrithi wa shamba hilo alikuwa mmoja tu, Salesio, mdogo wake Celina, ambaye askari walimchukua sokoni akiwa na ndizi mkononi wakampeleka kizuizini Manyani. Celina mwenyewe alikuwa amefika thelathini bila kuolewa. Mama yao aliugua muda mrefu, na mtu alipaswa kumgeuza kitandani. Alikuwepo mwanaume mmoja aliyemtaka, Riungu, fundi wa mbao kutoka upande wa Meru, mtu mpole mwenye kidole kimoja kilichopondwa na nyundo. Celina alikuwa amemwambia, "Ngoja Salesio arudi aishike nyumba ya mama. Hapo nitakuja." Riungu akasema atangoja. Basi akawa anangoja.

Kijijini vibanda vilibanana hata jirani akikohoa unamwambia pole. Amri ya hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, ilikuwa kila mwenye familia kibanda kimoja, awe na mke mmoja au watano. Asubuhi filimbi inalia, watu wanakwenda kuchimba handaki kando ya msitu ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula. Jioni filimbi inalia tena, milango inafungwa. Celina hakuizoea ile filimbi. Hata siku ambayo haikulia aliisikia, akaamka, akakaa, akalala, akaamka tena kwenda kuyagusa mawe yake kama mtu anayehakikisha mtoto anapumua.

Hawakuwa wamekaa mavuno mawili pale mzee Ngari alipomwita.

"Celina, mwanangu, mgongo wangu una baridi."

"Nitakutafutia blanketi, baba."

"Blanketi haliongei."

Celina alijua wimbo huo unaelekea wapi.

"Yuko mama mmoja wa Kiambere huko Mbeere," mzee akaendelea, macho yake yakiwa kwenye vidole vya miguu. "Wawira. Mumewe alikufa. Mtu wa kazi, hana kelele. Mwanawe ni yule Ireri, homgadi wa mnarani. Nikiwa baba yake Ireri, nani tena atanisukuma na kitako cha bunduki nikachimbe handaki? Nimezeeka, mwanangu. Jana nilianguka mle shimoni na watu wakanipita."

Celina alikuwa amemwona akianguka. Lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kukimbilia kwingine. Ireri alikuwa mkubwa kuliko Salesio. Mama yake akipika juu ya mafiga ya marehemu, Ireri atakuwa mwana wa nyumba ile, tena mwana wa kwanza, na shamba la mteremko wa juu litakuwa lake huku Salesio yuko Manyani anavunja mawe.

"Oa, baba," akasema. "Ila utamjengea wapi?"

"Kujenga! Si unaona tulivyobanwa? Atakaa hapa hapa."

"Na atapika wapi?"

Mzee akainua uso, wakatazamana. Naye alikuwa mtu wa ukoo, swali alilielewa. Akasema kwa sauti ndogo, "Siku hizi hazina mila, Celina. Siku hizi kuna kibali tu."

Celina alikwenda kwa baba yake mdogo, Bundi, ambaye ndiye aliyekuwa amebaki kati ya wazee wa ukoo waliojua kusema neno likasimama. Bundi alikuwa ameketi nje akijikuna goti kwa kijiti.

"Baba mdogo, nyumba moja yaweza kuwa na mafiga mara mbili?"

Bundi akacheka mpaka akakohoa. "Hata ng'ombe ana tumbo zaidi ya moja. Mwanaume ana moyo mmoja na wake watatu. Kibanda kisiweze kwa nini? Mafiga ndiyo nyumba, binti yangu. Ukuta ni wa kuzuia fisi."

Ikawa hivyo. Wanawake waliposindikizwa na askari kwenda kuchota maji, Celina aliokota mawe matatu mtoni, moja kila safari, kwa sababu askari hawakupenda kuona mtu amechukua mawe mengi. Siku Wawira alipoletwa, akiwa amejifunika shuka mpya na kuinamisha kichwa, alimkuta Celina amesimama katikati ya kibanda.

"Karibu, mama mdogo. Yale kule ni mafiga yako, mapya kabisa. Haya hapa ni ya nyumba ya kwanza."

Wawira alitazama huku, akatazama kule. Alikuwa mwanamke mwembamba wa nchi kavu, mwenye mikono mirefu. Hakuuliza neno. Alikwenda kwenye mafiga mapya, akapiga magoti, akayatikisa kuona kama yamekaa sawa, akalisogeza moja kidogo.

Ireri ndiye aliyesema, akiwa ameegemea mlango na kofia yake ya homgadi upande. "Mama, huyu anakupangia jiko kama mpangaji. Wewe ni mke au ni mgeni?"

"Nyamaza, Ireri," mama yake akajibu. "Wewe hupiki."

Kuanzia hapo kibanda kikaitwa na kijiji kizima Nyumba ya Mioshi Miwili. Watoto waliimba. Wanawake waliuliza wakiwa handakini, "Celina, leo mmepika ugali pacha?" Kuni ziliruhusiwa kutafutwa kwa muda mfupi, tena askari wakiwa na bunduki pande zote, na nyumba nyingine zilihangaika kupata za moto mmoja tu. Celina alitafuta zake mwenyewe, kwa sababu kuomba kaa la moto kutoka kwa Wawira kungekuwa kuchanganya nyumba. Macho yake yakawa mekundu kwa moshi. Mzee akawa anakohoa. Huku kunapikwa githeri ya mahindi na maharagwe, kule kunachemshwa uji, na mzee katikati anaulizwa na pande zote mbili kama ameshiba.

"Mtaniua kwa chakula," akalalamika.

"Si ulisema mgongo una baridi?" Celina akamjibu. "Sasa una moto mbele na nyuma."

Wawira aligeuza uso kwenye ukuta, mabega yakamtikisika. Celina hakujua kama alicheka au alilia, na jambo hilo likamsumbua siku nzima.

Siku moja, akifuata kijiti kikavu, Celina alivuka mstari waliowekewa watu wa kuni. Askari wakamkamata. Akafungiwa katika posti ya homgadi pamoja na wanawake wengine, wanatolewa kuchimba, wanarudishwa. Kila jembe alilopiga aliona moshi mmoja. Aliona Ireri amesimama juu ya mama yake akimwambia, mwenye mafiga hayupo, pika. Alipomwomba mlinzi maji, alimwuliza pia, "Kwetu wanapikia wapi?" Mlinzi akadhani ana homa.

Waliachiwa mchana. Hakwenda kunawa. Alikimbia na matope yake mpaka kibandani, akapita mbele ya baba yake bila salamu, akapiga magoti na kutia mkono kati ya mafiga ya mama yake.

Majivu yalikuwa baridi. Buibui alikuwa ameanza kazi yake pale.

Aligeuka. Kitanda cha mzee, ambacho siku zote kilikuwa kando ya mafiga ya kwanza, kilikuwa kimehamishiwa ng'ambo, kando ya mafiga ya Wawira. Mzee alikuwa amelazwa juu yake, kifua kikivuma kama kiriba cha mhunzi.

"Aliugua siku ile ile ulipochukuliwa," Wawira akasema. "Alitaka moto karibu. Ireri akaniambia nipikie hapo karibu naye. Nikaona ni rahisi kuhamisha kitanda."

"Ulikihamisha peke yako?"

"Na mzee akiwa juu yake. Alinitukana njia nzima."

Celina alikaa chini. Alitafuta neno la kushukuru, akakuta kwamba kwa muda mrefu hakuwa amelitumia. Akasema tu, "Kitanda kile kina mguu mbovu."

"Nimeuona," Wawira akasema. "Mimi pia nilikuwa na mafiga yangu, Kiambere. Shemeji zangu waliyatupa nje siku ya matanga. Sikuja huku kurithi kaburi la mtu."

Mzee alipona, ingawa hakupona kabisa. Miaka ikasogea, kafyu ya jioni ikalegezwa, na balaa la pili likaja likiwa limevaa viatu. Wakubwa waliamua kuunganisha mashamba. Mtu aliyekuwa na kipande huku na kipande kule, kama baba zetu walivyogawana ili kila nyumba ionje udongo mwema na udongo mbaya, atakusanyiwa vipande vyake mahali pamoja, na jina lake litaandikwa. Mimea ya itoka, ile ya majani mapana iliyooteshwa mipakani na ambayo hakuna aliyethubutu kuing'oa kwa kuogopa laana, iling'olewa kama magugu. Nayo kweli haikulia, wala laana haikuonekana.

Kamati ilikaa uwanjani mbele ya posti. Wazee saba kwenye benchi, Bundi akiwa mmoja wao, na karani kijana aliyetoka mjini amekaa mezani. Jina la Ngari likaitwa. Mzee akasimama akishikiliwa na Wawira upande mmoja na Celina upande wa pili. Ireri alisimama nyuma yao, amepiga pasi nguo zake.

"Ngari, nyumba ngapi?" Bundi akauliza.

Mzee akafungua kinywa, lakini Celina alimtangulia. "Mbili! Kijiji kizima kimetuimba. Mafiga mbali, moto mbali, kuni mbali."

"Ni kweli," wazee wakaitikia, na mmoja akasema, "Hata pua zetu ni mashahidi." Watu wakacheka.

Celina alihisi ardhi imetulia chini ya miguu yake kwa mara ya kwanza tangu ule mteremko. Karani akauliza bila kuinua kichwa, "Nyumba ya pili, mwenye ardhi?"

"Ireri," akasema Bundi. "Sehemu ile Ngari aliyoinunua kwa mbuzi wake mwenyewe, kule chini."

"Nyumba ya kwanza?"

"Salesio wa Ngari," Celina akajibu kwa sauti kubwa.

"Aje."

Karani akainua kichwa.

"Yuko wapi?"

"Manyani," mtu akasema nyuma.

Karani akaweka kalamu chini. "Ardhi ya mtu aliye kizuizini siandiki. Inawekwa kando mpaka wakubwa waamue."

Kila mtu pale alijua kuwekwa kando ni nini. Ardhi ya mzee fulani wa kilima cha pili iliwekwa kando, na sasa juu yake palikuwa na nyumba ya hedimani.

Ireri akainama karibu na sikio la Celina. Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayemsaidia kipofu kuvuka. "Dada, sema basi tulikuwa nyumba moja. Mzee aandikwe yote. Si ni baba? Na mimi ni mwanawe. Salesio akirudi, hatakosa pa kulala."

Hapo ndipo Celina alipoona alichokifanya. Kwa mikono yake alikuwa ameitenga nyumba ya mama yake, akaimenya kama mtu amenyavyo yai, na sasa ilikuwa imekaa mezani uchi, haina mwenyewe. Laiti angekubali moshi mmoja, ingejificha ndani ya jina la baba yake. Lakini ingejificha pamoja na Ireri. Huku serikali, huku Ireri. Mila ilikuwa imemlinda na fisi mmoja ikamkabidhi kwa mwingine, kwa kuwa wale wazee walioitunga hawakuwahi kuota kwamba siku moja kutokuwepo kwa mtu kutakuwa kosa.

"Amua, mama," karani akasema. "Watu ni wengi."

"Niandike mimi."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha kicheko kikapita uwanjani kama upepo kwenye mtama.

"Mwanamke?" mzee mmoja wa benchi akauliza. "Kesho ukiolewa, mumeo wa Meru aje kuvuna kwetu?"

Watu wote walijua habari za Riungu. Celina akatazama chini. Akasikia Bundi akikohoa kile kikohozi chake cha kuanza neno.

"Njia ipo," Bundi akasema polepole, kama asiyependa kuionyesha. "Ni ya zamani. Nyumba ikikosa mwana, binti anayebaki kwenye mafiga ya mama yake anaweza kuhesabiwa mwana wa nyumba. Lakini anaapa mbele ya wazee. Hatatoka. Mbuzi wa mahari hawaletwi kwa ajili yake milele. Nimeliona likifanywa mara moja nilipokuwa mtoto. Huyo dada hakuwa mwenye furaha, Celina. Ninakuambia mbele ya watu."

"Hiyo ni hadithi!" Ireri akasema. "Mzee anatunga! Mama, waambie. Waambie mlikula chungu kimoja!"

Wawira hakumtazama mwanawe. "Hatukula," akasema. "Nilipika kwangu. Na wewe una fungu lako kule chini, halali, kutoka mafiga yangu. Unataka nini tena, wakuite mwizi wa maiti?"

Mzee Ngari, ambaye siku zote hizo alikuwa ameyumba kati ya mioto miwili, akainua fimbo yake. "Celina ni mwana wa nyumba ya mama yake," akasema. "Mimi ndiye niliyewazaa. Nimesema."

Celina akaapa. Wazee waliinuka mmoja mmoja wakamtemea mate ya baraka kifuani, na karani, aliyekuwa ameikunja midomo kwa kinyaa, akaandika.

Riungu alikuja Jumapili iliyofuata. Alikuwa amesikia.

"Ungeshauriana nami kwanza," akasema.

"Ningeshauriana nawe wapi? Kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu."

Riungu akakitazama kidole chake kilichopondwa. "Nimengoja vizuri, au sikungoja vizuri?"

"Umengoja vizuri, Riungu."

"Basi sawa." Akatengeneza ule mguu mbovu wa kitanda cha mzee, kwa kuwa alikuja na nyundo, akanywa uji, akaenda. Baadaye akaoa huko kwao Meru, Kiirua.

Vipande vilipogawanywa, ardhi ya nyumba ya kwanza haikuangukia mteremko wa juu. Vipimo ni vile vile, wakamwambia, lakini mahali ni pengine, ukingo wa pili, penye mawe. Mteremko mwekundu ulipewa mtu asiyejua hata nani aliwahi kuulima. Celina alibisha siku mbili kwenye mlango wa ofisi, kisha akaenda kuyang'oa mawe ya huko alikopewa. Alilima kama mtu anayefukuzwa. Alijenga kibanda, akawa anaamka kabla ya jogoo na kuzunguka mpaka kuona kama umesogezwa.

Salesio akarudi mwaka Hali ya Hatari ilipokuwa inakaribia kufutwa. Alikuwa mwembamba, hakuongea haraka, na alilala mchana. Dada yake alimlisha mpaka mashavu yakarudi. Kisha akamchukua kumwonyesha shamba.

"Hapa si kwa mama," Salesio akasema.

"Ndipo palipobaki."

Akatembea huku na huko, akiokota udongo na kuuacha. Mwishowe akaja na uso wa mtu aliyeamua. "Nitapanda kahawa. Yote, kuanzia juu mpaka mtoni. Wenzangu kizuizini walikuwa wanasema kahawa ndiyo itakayotutoa."

"Kahawa upande wa juu," Celina akasema. "Huku chini ni maharagwe yangu ya njahi na mahindi."

"Dada, ulikuwa unanishikia. Nakushukuru. Sasa nimekuja. Tutakwenda ofisini wabadilishe jina, nawe upumzike."

Alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka mitano. Alidhani atakapoyasikia atakaa chini, mahali popote, hata kwenye jiwe, na miguu yake itanyamaza. Badala yake alijikuta amesimama kati ya Salesio na njahi zake.

"Nipumzike wapi?" akauliza.

"Si hapa hapa? Nani anakufukuza?"

"Kahawa yako inanifukuza. Umekwisha kuipanda kwa mdomo mpaka mtoni."

"Celina, mimi ndiye mwana..."

"Mwana ni mimi. Waulize waliotema mate. Utalirithi nikifa, wewe na utakaowazaa, hapo sina neno. Lakini nikiwa hai, shamba hili lina mtu."

Salesio akamkazia macho kama mtu aliyeshuka kwenye gari kituo kisicho chake. Akaenda moja kwa moja kwa Bundi, na Celina alimwona kwa mbali akipunga mikono mbele ya yule mzee. Alirudi jioni kimya. Bundi alikuwa amemwambia kiapo hakina mlango wa nyuma. Ukimtoa huyo dada, umeitoa nyumba yenyewe, na Ireri bado yuko hai.

Asubuhi Salesio alichukua jembe, akaenda upande wa juu alioonyeshwa, akaanza kuchimba mashimo ya kahawa huku akinung'unika kwa sauti ya kusikika. Celina alimpa muda kidogo. Kisha akajifunga leso kiunoni, akapanda kumfuata, akasimama pale mashimo yalipokuwa yanateremka kuelekea njahi zake.

"Lile la mwisho," akasema, "lifukie."